Sifa za Makeru, Kitenzi cha Washinde

Wengine na wasifu simba na wafalme. Mimi nasifu makeru, kitenzi cha Kijapani chenye maana ya kushindwa, kilichonitoa jasho hapa Bukavu.

Kwanza, kina kwao. Kwa Kiswahili, mshinde hana hata neno lake: tunaazima "shinda" ya mbabe, tunaibandika -wa mkiani. Mjapani haazimi. Mshindi ana katsu, mshinde ana makeru.

Pili, hakibagui. Tuseme timu ya Muungano imefungwa na timu ya Dawa pale uwanja wa Concorde: taja Dawa, weka kijineno "ni", malizia na makeru. Kinyozi akikuachia vipele kidevuni, sema vilevile: kamisori ni makeru, umeshindwa na wembe. Nani mwingine angeupa wembe heshima ya timu pinzani?

Tatu, ni kijanja. Toa "ni", weka "o", na kitenzi kilekile kinaanza kupunguza bei. Ndivyo nilivyoandika daftarini "Dawa o maketa", nikidhani nalilia mechi, kumbe natangaza kwamba Muungano imeshusha bei ya dawa. Mgonjwa angeshangilia.

Usiniulize kushindwa na kupunguza bei vimekutana wapi. Nenda soko la Kadutu.

"Mama, unipunguzie kidogo."

"Papa, na mimi nitakula nini?"

Anaguna, anatazama pembeni, anapunguza. Kisha anatia mkono kwenye beseni na kutupia sambaza wengine, wale samaki wadogo, juu ya fungu. Hiyo ni nyongeza. Wajapani huiita omake, mtoto wa kitenzi hikihiki. Mama ameshindwa kwa faranga chache, nami kila Jumamosi nampita jirani yake nikimfuata yeye. Wajapani wana msemo: makeru ga kachi, kushindwa ndiko kushinda.

Wenye bunduki walioingia mjini humu mwaka 1996, 1998, 2004 na 2025 walikuja wakijua katsu peke yake. Hakuna aliyepunguza hata kidogo, na nyongeza yao tunaijua. Wahenga walishasema: asiyekubali kushindwa si mshindani. Anayetaka kujifunza makeru asihangaike na kamusi. Mwalimu yupo Kadutu, nyuma ya beseni la sambaza, na hadai ada.