Chaga Zimebaki Omurushaka

Fundi seremala hana haraka na mteja. Anakuacha upapase kitanda, ugonge mbao kwa kidole kama mtu anayezijua mbao, uiname kuchungulia uvunguni kutafuta usichokijua. Ukishatoa pesa, akishazihesabu na kuzitia mfukoni, ndipo anapokumbuka kuuliza: "Ticha, usafiri unao?"

Nilikuwa na miguu miwili na mwavuli.

Asubuhi ile nilitoka Nkwenda ndani ya Probox, kiti cha mbele tukiwa wanne pamoja na dereva, nimepakata mfuko wa mtu nisiyemjua. Nilifuata vitu vitatu tu Omurushaka: kitanda cha tano kwa sita, godoro lake, na kabati la nguo la milango miwili. Tangu niajiriwe nilikuwa nalala kwenye mkeka, na mashati yangu yote yalining'inia kwenye msumari mmoja, la Jumatatu juu, la Ijumaa chini kabisa. Mwanafunzi mmoja alishajua kuniambia leo ni siku gani kwa kuangalia mikunjo.

Bei tuliyopatana, kumbe, ilikuwa bei ya kitanda kikiwa Omurushaka. Kitanda hichohicho kikiwa Nkwenda ni kitanda kingine. Mwenye pikapu aliniangalia, akakiangalia kitanda, kisha akataja kiasi ambacho kingeninunulia kitanda cha pili, nikaviacha vyote viwili pale nikalale kwenye mkeka. Fundi akanishauri kwa upole: Fuso za ndizi hupanda Kyerwa zikiwa tupu, zikapakie mikungu usiku. Nisubiri barabarani. Akakitoa kitanda nje kikiwa kimefungwa boliti zote, kwa sababu, alisema, kikikaa kimesimama madereva watakiona vizuri.

Madereva hawakukiona. Waliokiona ni watu wengine wote wa wilaya.

Kaa wewe juu ya kitanda chako kwenye njia panda ya Omurushaka saa saba mchana uone. Kila apitaye anakusalimia, na kila anayekusalimia anauliza bei. Niliwaambia ni changu, si cha kuuza. Wakadhani napandisha bei. Mzee mmoja alinipa ofa mara tatu, ya mwisho ikiwa kubwa kuliko pesa niliyomlipa fundi, na nakiri nilitikisika. Mama mmoja aliyetoka sokoni na kapu kichwani alilitua, akaketi kwenye ubao wa ubavuni, akavua kandambili. "Mwanangu, Mungu akubariki kwa kuweka benchi hapa." Ningemjibu nini? Nikasogea. Baada ya dakika kumi tulikuwa watano, na mmoja alikuwa anakula mahindi ya kuchoma.

Nilijipa moyo kwa historia, maana ndilo somo ninalofundisha. Novemba 1861 wapelelezi Speke na Grant waliingia Karagwe kwa miguu, na mizigo yao wamebebeshwa wapagazi, wakakaribishwa na Mukama Rumanyika kule Bweranyange. Januari 1862 Speke akaendelea kwenda Buganda, akamwacha mwenzake akiuguza mguu. Miezi kadhaa baadaye Grant naye akaondoka, akiwa amebebwa kwa machela. Yaani mwaka 1862, bila lami wala Fuso, mtu mzima aliyelala aliweza kusafirishwa kutoka Karagwe. Mimi nilikuwa na kitanda kitupu, kisichougua, na hakuna aliyetaka kukibeba ila kukikalia.

Saa kumi Fuso ikasimama. Tukakifungua kitanda haraka, utingo akifoka, boliti nikazitia mfukoni. Kabati likapanda kwa kusukumwa kisogoni. Godoro dereva alilikataa: litalowa, kisha nije kumdai. Kwa hiyo mimi na godoro tukapanda bodaboda.

Godoro lilikunjwa mara mbili, likafungwa kwa mipira ya tyubu nyuma ya pikipiki, nami nikachomekwa katikati yake na dereva kama nyama ndani ya chapati. Hadi hapo sawa. Tatizo la godoro ni kwamba limezaliwa kunyooka. Kwenye mteremko wa kwanza mpira mmoja ulikatika, likafunguka, likashika upepo, na pikipiki ikaanza kwenda kule upepo unakotaka. "Lishike, bosi!" Ningelishikaje, nami ndilo limenishika? Tukaingia shambani kwa mtu, polepole, kwa heshima, tukasimama kwenye mgomba. Watoto walishangilia. Godoro halikuguswa na tope hata kidogo, kwa kuwa lilikuwa juu yangu.

Fuso ilifika saa nne usiku. Ilikuwa imepitia mashamba mawili kupakia, na kabati langu lilikuwa chini ya mikungu. Vanishi haikuwa imekauka sawasawa. Jani la mgomba likajibandika kwenye mlango wa kushoto na kuacha mishipa yake yote, na utomvu ukachuruzika mlango wa kulia. Wote waliowahi kuchafua shati kwa utomvu wa ndizi wanajua kwamba hilo si doa, ni rangi. Wageni wangu siku hizi husifu lile jani. Wanauliza fundi gani anachora hivyo.

Nikafunga kitanda kwa mwanga wa simu. Miguu ipo, mbavu zipo, boliti zote nane zipo. Chaga hazipo. Zilikuwa zimeegemezwa ukutani kwa fundi, kumi na mbili, kila moja imeandikwa TICHA kwa penseli. Usiku ule nililaza godoro sakafuni, katikati ya fremu ya kitanda, kama ng'ombe zizini.

Fundi alizituma kwa Hiace, fungu moja. Zikafika kumi na moja. Kondakta akaapa ndivyo alivyokabidhiwa.

Wiki iliyofuata nilikuwa narudi kutoka Kayanga, gari limejaa. Kondakta akaniambia kuna nafasi, akanionyesha kibao kilicholazwa nyuma ya kiti cha dereva. Niliinama kukifuta vumbi kabla ya kukaa, nikasoma jina langu.

Nililipa nauli kamili.