Baba Printa

Mnaoniona nimekonda hivi msinipe pole ya malaria. Ni printa.

Sikuiomba. Siku meza zilipopangwa upya ofisini, waya wake wa USB ulikuwa mfupi, na meza iliyokuwa karibu ni yangu. Basi. Kijana wa IT akauchomeka kwenye kompyuta yangu, akabofyabofya, akasema ameishea. "Mzee, sasa ofisi nzima itaprinti kupitia kwako." Nikajiweka sawa kitini. Nilidhani nimepewa cheo.

Kumbe bwana! Kompyuta yangu ikizimwa, hakuna anayeprinti. Ikisinzia, hakuna anayeprinti. Na hii mashine inapenda usingizi, ukiiacha kidogo tu inajilalia, halafu kwenye kompyuta za wenzangu printa inaandika ofulaini. Mimi niko msalani, nasikia huko korido: "Baba Printa! Njoo uiamshe!" Mtu mzima, nina watoto watatu wananiita baba, natoka mbio mkanda uko mkononi.

Jina langu limekufa hivihivi. Hata mlinzi getini, "Shikamoo Baba Printa."

Kuondoka kazini ndiyo usiseme. Siondoki mpaka aondoke wa mwisho. Na wa mwisho ni dada wa mapokezi, anaprinti kadi za mchango za harusi ya shoga yake. Kadi zenye maua. Maua ya rangi, printa yenyewe nyeusi na nyeupe. Zote zinapita kwangu, kompyuta inaguna, mausi inaganda, nami nina barua ya mistari minne inasubiri nyuma ya maharusi. Nikimaliza kusubiri, nadaiwa mchango.

Jumamosi moja bosi akanipigia. Uko wapi? Niko nyumbani, Mbagala. Njoo mara moja. Nikapanda daladala, nimesimama mguu mmoja mpaka Posta, moyo unadunda, najua nimefukuzwa. Nafika, ananiambia washa kompyuta. Nikawasha. Akaprinti karatasi yake moja. "Asante, unaweza kwenda." Nauli sikurudishiwa.

Halafu ile siku ya taa ya njano. Printa ikagoma, taa inapepesa, foleni ndefu kwenye skrini, watu wote mezani kwangu wamenikodolea kama mimi ndiye niliyekwama. Nikafungua mlango wa mbele. Nikafunga. Nikatoa tona nikaitikisa, nikapaka weusi shati zima. Nikapuliza. Mhasibu akasema hadharani kwamba wengine tumepewa vitu tusivyoviweza.

Kijana wa IT akaja, akatazama sekunde chache, akacheka. Kuna mtu kashusha fomu kutoka Marekani. Wenzetu kule karatasi yao inaitwa Letter, milimita 216 kwa 279. Sisi tunatumia A4, 210 kwa 297. Printa imeambiwa iprinti kwenye Letter, trei ina A4, basi imekaa inasubiri iletewe ya kwake, na kila aliyetuma baada ya hapo anasubiri nayo. Milimita sita za upana! Mwanangu nikimnunulia kiatu namba si yake anavaa hivyohivyo.

Wakauliza kwa ukali, nani katuma? Kijana akasoma jina kwenye foleni. Bosi. Wote wakakumbuka wana kazi. Matusi yangu hakuna aliyeyafuta.

Siku hiyo kijana akanionea huruma. Akanisimulia habari za Mmarekani mmoja, Richard Stallman, mtu wa programu kwenye maabara ya MIT, mwaka 1980 hivi. Nao walikuwa na printa moja ya kuchangia, iko ghorofa nyingine. Unatuma, unaifuata, unakuta karatasi imekwama tangu saa ngapi sijui. Ile ya zamani jamaa alikuwa ameichokonoa programu yake, ikikwama inawatumia ujumbe wote wanaoisubiri. Ikaletwa mpya, programu yake imefungwa, akaomba msimbo akanyimwa. Hasira zile zikawa moja ya mambo yaliyomsukuma, na mwaka 1983 akatangaza mradi wa GNU, wa programu huria ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzifungua na kuzirekebisha.

"Sasa wewe Mzee, hasira zako zimezaa nini?"

Vidonda vya tumbo.

Akaigeuza printa nyuma, akabandua stika. Chini yake kuna tundu la waya wa mtandao. Lilikuwepo siku zote! Akaihamishia koridoni, akaichomeka moja kwa moja kwenye swichi, akasema sasa ina anwani yake yenyewe, haikuhitaji tena. Nikalala usingizi wa mtoto.

Kesho yake umeme ukakatika. Uliporudi, rauta ikaipa printa anwani nyingine, na kompyuta zote zikawa zinabisha hodi kule kwa zamani kama mdai asiyejua kwamba mdaiwa kahama. Wakaja kwangu. Kwangu! "Baba Printa, umeifanya nini?" Mpaka kijana akarudi, akaipa anwani ya kudumu, isiyobadilika.

Sasa ofisi nzima inaprinti, raha mustarehe. Isipokuwa mimi. Kompyuta yangu bado inaitafuta ile printa ya USB iliyokuwa pembeni yake, inatuma kazi huko, hakuna kinachotoka, na kijana wa IT yuko likizo. Karanga alizokuwa ananimegea mhasibu akija kuchukua karatasi zake, sizioni tena.

Jana nikaweka barua yangu kwenye flashi, nikampelekea dada wa mapokezi aniprintie. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Hii ni ya kazi au ni ya binafsi?"