Bei Yako, Hajji

Mpwa wangu anasoma kompyuta Makerere, na hawezi kumwona mtu akinunua kitu kwa njia ya kawaida akanyamaza. Nilipotaja tu kwamba natafuta televisheni ya inchi 43 kabla ya michuano ya soka ya CHAN kuanza Agosti 2025, alinitazama kwa huruma. "Mjomba, televisheni haiendewi dukani hivi hivi. Inaviziwa."

Hoja yake ilikuwa na mashiko. Wanunuzi wa Amazon huko Ulaya na Marekani wana Keepa na CamelCamelCamel, ambazo huweka kumbukumbu ya bei ya bidhaa kwa miaka, zikaichora kama mapigo ya moyo wa mgonjwa, na kukutumia ujumbe siku bei inaposhuka chini ya kiwango ulichotaja. Mchoro huo huumbua ujanja wa zamani: duka linapandisha bei Oktoba ili Novemba lipate kitu cha kukata kwa mstari mwekundu. Umoja wa Ulaya ulichoka na mchezo huo. Tangu Mei 2022, duka linalotangaza punguzo hutakiwa kuonyesha bei ya chini kabisa ya siku 30 zilizotangulia. Sisi wa Kampala hatuna Amazon yetu, na ukiagiza ya wenzetu, ule mchoro mzuri haukuonyeshi nauli ya mzigo wala watoza kodi wa URA wanaokungoja na asilimia 18 yao ya VAT. Basi kijana akaunda chombo chake mwenyewe, cha kuchungulia maduka ya mtandaoni kila saa. Tukakiita Kachero. Akaniuliza kiwango changu cha mwisho. Nikamnong'oneza, maana mke wangu alikuwa karibu: laki tisa.

Kachero alichapa kazi, sitamsingizia. Aligundua kwamba televisheni iliyotangazwa kwa "punguzo la asilimia 40" ilikuwa ikiuzwa bei ile ile muda wote aliokuwa akiivizia. Bei iliyokatwa haikuwahi kuishi duniani. Lakini alikuwa na tabia za kichawi. Bei zilimshukia saa tisa usiku, na hadi naswali alfajiri na kuwasha simu, bidhaa imekwisha. Siku nyingine aliniita mchana kweupe, ila bando langu lilikuwa limekata, na nilipomaliza kununua jingine bei ilikuwa imesharudi juu na kukaa kitako.

Halafu kuna lile la harusi. Facebook imefungwa Uganda tangu Januari 2021, lakini wafanyabiashara wetu hawajahama humo, kwa hiyo kompyuta ya mpwa wangu huishi na VPN usiku na mchana. Siku hiyo VPN ikajipeleka Uholanzi. Duka moja la kimataifa, kwa kudhani mteja yuko huko, likaonyesha bei kwa yuro: 349. Kachero hakufundishwa kutofautisha yuro na shilingi. Aliona 349, akaona laki tisa, akapandwa na wazimu.

Mimi nilikuwa kwenye kikao cha michango ya harusi ya jirani. Ndiyo kwanza nimesimama kueleza, kwa sauti ya unyonge niliyoifanyia mazoezi njiani, jinsi karo ya muhula ilivyonikausha, na kwamba nitajitahidi kwa elfu hamsini. Simu ikapaza sauti mfukoni, na sauti yenyewe ni ya mpwa wangu, aliyejirekodi ili nisipitiwe: "Bei imeshuka! Mjomba, nunua televisheni sasa hivi!" Mwenyekiti hakusema neno. Aliinua tu kalamu, akasubiri. Ahadi yangu ikapanda kutoka elfu hamsini hadi laki mbili, kwa kasi ambayo Kachero hajapata kuirekodi kwa bidhaa yoyote.

Tarehe 4 Agosti ikafika, timu yetu ya taifa, Uganda Cranes, ikaingia uwanja wa Namboole dhidi ya Algeria, na mimi nikaenda kuwatazama kwenye kibanda cha video mtaani, nimebanwa kati ya mwendesha boda na mkungu wa matoke wa mtu. Tulifungwa 3-0. Jirani yangu mmoja alikuwa ametoa zaidi ya milioni moja ili ayaone mabao hayo kwa rangi halisi. Mimi niliyaona kwa shilingi elfu. Hilo ndilo punguzo pekee nililopata mwaka ule, na halikutoka kwa Kachero.

Wa kwanza kumchoka Kachero alikuwa shangazi yangu, ambaye hajawahi kununua hata kitunguu kwa bei aliyotajiwa. "Vaa viatu vya shamba," akaniambia. "Nenda mapema, uwe wewe wa kumfungulia duka. Mteja wa kwanza haachwi aondoke, ni mkosi. Na usiitazame televisheni. Tazama pasi."

Nikaenda kwenye akedi moja ya maduka karibu na paki ya zamani ya teksi, na viatu vya shamba, nikaanza kutazama pasi. Muuzaji alikuwa hajamaliza kupangusa vumbi. "Karibu Hajji," akasema. Mimi hata Jeddah siijui, lakini Kampala ndevu zikiwa na mvi mbili umeshahiji. Nikauliza bei ya pasi. Nikauliza bei ya feni. Kisha, kama mtu aliyekumbushwa jambo dogo, nikauliza ile televisheni pale.

"Laki tisa, Hajji. Bei yako."

Hakuanzia milioni na nusu. Hakuapa kwa mama yake. Maneno yote niliyoandaa ya kushusha bei yakabaki yamenikwama kooni, maana mtu akikutajia kiwango chako mwenyewe utamshusha vipi?

Nyuma ya shehena ya redio, kichwa ninachokijua kikainuka kutoka kwenye kompyuta. "Shikamoo, mjomba." Kumbe muuzaji alikuwa amemwajiri na Kachero wake, awe anajua bei za mtandaoni kila asubuhi kabla ya kufungua. "Jina lako sikumtajia," mpwa wangu akajitetea. "Nilimwambia tu kuna mzee mmoja anangojea laki tisa, na huenda akaja na viatu vya shamba."

Nikajikaza nikadai walau kile chuma cha kutundikia ukutani, bure. Muuzaji hakunijibu mimi. Alimgeukia kijana, na kijana akatazama skrini.

"Mpe," akasema. "Anti amesema asirudi nyumbani bila hicho."