YAH: PONGEZI KWA KUUZA BILA MSHAHARA

Mkurugenzi wa TEHAMA,
Ofisi ya Umma (jina nalihifadhi kwa heshima).

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na somo tajwa hapo juu.

Kwanza nikupongeze kwa semina ya maadili uliyotuandalia. Vitumbua vilitosha, posho ilifika, na mtoa mada aliugusa wizi wa kila aina, kuanzia mafuta ya gari la serikali hadi karatasi za fotokopi. Wakati wote huo, ukutani, pembe ya chini kulia, maandishi ya kijivu yalikuwa yakitukumbusha kwamba Windows inayotuonyesha slaidi hizo haijahalalishwa. Hakuna aliyecheka. Tumeyazoea kiasi kwamba watumishi wapya hudhani ni nembo ya ofisi.

Nilimuuliza fundi wako kulikoni. Akanieleza kwa upole kwamba programu ya kukreki waliyoitumia hujifanya seva ya kuhakiki leseni, kama zile za makampuni makubwa, na uhakiki wake hudumu siku 180 usipohuishwa. Safari hii walisahau. Akaongeza kwamba kabla ya kuipiga ni lazima uzime antivairasi. Yaani mlinzi wa lindo anaambiwa akanywe chai, mtu tusiyemjua aingie kubadilisha kitasa, halafu sisi turudi tulale usingizi mnono. Ndani ya kompyuta hiyo ndimo zilimo taarifa za mishahara yetu.

Najua utakachonijibu: sisi ni maskini, Bill Gates ni tajiri, na kumwibia tajiri ni kama kuchota maji baharini. Basi tumsikilize huyo unayedhani unamwibia. Mwaka 1976 aliwaandikia barua ya wazi wapenzi wa kompyuta za Altair, akalalamika kwamba wengi wao wanaiba programu yake ya BASIC. Alikuwa kijana, na hasira zake zilikuwa za kweli. Mwaka 1998, akiwa tayari bilionea, aliwaambia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington kwamba Wachina hawazilipii programu lakini siku moja watazilipia, na maadamu wataiba, ni heri waibe za kampuni yake. Watazizoea, na njia ya kuwadai itapatikana baadaye.

Umeona cheo chako, Ndugu Mkurugenzi? Wewe si mwizi wake. Wewe ni wakala wake wa mauzo. Kila flashi ya kukreki inayopita ofisini kwako inazoesha karani mwingine menyu zilezile, na siku wakaguzi watakapobisha hodi mtanunua leseni mbio mbio kwa kuwa hakuna ajuaye kingine. Wanaotangaza bia hupewa fulana. Wewe hata kofia hujapewa, na hili nalisikitikia kwa dhati.

Aliyeibiwa ni mwingine. Mwaka 2004, hapo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitolewa Jambo OpenOffice, programu nzima ya kiofisi kwa Kiswahili, bure, yenye leseni inayokuruhusu kuinakili na kumgawia jirani bila kuzima antivairasi ya mtu. Leo ukoo huo unaendelea na LibreOffice. Walioitengeneza walikuwa na karata moja tu ya kumshinda tajiri, nayo ni bei. Wewe ukaichukua bidhaa ya tajiri ukaigawa bure, karata yao ikaisha. Nani ajifunze kitu kipya kwa sifuri wakati alichokizoea nacho ni sifuri?

Na usiniambie programu huria ni za kuchezea. Takwimu za vituo vya afya Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zinapita kwenye DHIS2, mfumo huria uliotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Oslo. Mitaa ya Dar es Salaam inayofurika ilichorwa na mradi wa Ramani Huria kwa OpenStreetMap, wanafunzi wetu wakipita uchochoro kwa uchochoro. Kuhesabu wagonjwa wa malaria wa nchi nzima tunaweza kihalali. Kuchora mafuriko tunaweza kihalali. Ila kuandika dokezo sabili la kuomba wino, hapo ndipo panapohitaji jinai.

Nitakuwa mkweli: mchora majengo anayeletewa faili za AutoCAD kila siku, mbadala huria bado utamtesa, na mhasibu mwenye jedwali lililosukwa na watangulizi wake watano hatalihamisha kwa siku moja. Mnunulie kila mmoja leseni yake. Waliobaki wanaandika barua za likizo.

Lakini kinachoniuma zaidi ni yule kijana aliyewaandikia mfumo wa mahudhurio. Mlimsifu, mkapiga naye picha, kisha mkamwambia malipo yatafikiriwa, kwani "si ni programu tu?" Mwezi uliofuata mfumo wake ulikuwa ofisi ya jirani, umehamishwa kwa flashi ileile. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta, ya kwake sawasawa na ya bilionea. Tofauti ni kwamba bilionea hakukosa kodi ya nyumba. Ofisi iliyozoea kwamba programu ni kitu cha kuokota itawezaje kujua kwamba hiki hapa kina mwenyewe, tena anapanda daladala kuja kudai?

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kijana alipwe. Na karani mmoja, hata yule wa masijala asiye na makuu, apewe LibreOffice kwa mwezi mzima bila fundi kuchungulia, tuone ni barua ipi itakayomshinda.

Majibu nitayapokea kwa faili la aina yoyote, kwangu mengi hufunguka. Windows ikigoma tena, andika kwa mkono.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mlipa Kodi

Nakala: Fundi (antivairasi iwashwe, tafadhali).