Sifa za Friwili Iliyooshwa

Madaraja yamesifiwa, barabara zimesifiwa, na Februari 2018, Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walipofungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia, forodha nayo ikapata zamu yake. Friwili ya baiskeli haijasomewa hata risala moja. Ni dhuluma, kwa sababu mpaka huu ulivuma kwa baiskeli kabla ya kuvuma kwa foleni ya malori. Miaka ya 1960 vijana wa huku walianza kubeba abiria kwenye karia, wakiwavusha kipande kile cha ardhi kilicho kati ya geti la Kenya na geti la Uganda, ambako gari halipiti bila karatasi. Biashara ikakua, ikahamia kwenye pikipiki, ikafika Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Lakini abiria wa kwanza kabisa alivushwa na friwili. Basi leo naisifu. Wala siisifu ile nzima inayofanya kazi, maana hiyo haihitaji wakili. Naisifu ile iliyooshwa.

Kwa asiyeijua: friwili ni kile kigurudumu cha meno kilicho nyuma, kinachovutwa na cheni. Kwenye baiskeli ya kawaida ya Black Mamba kina meno 18. Kwa nje ni chuma kilichojipaka mafuta meusi na vumbi. Ndani yake kuna vikucha viwili, na springi nyembamba kama unywele inayovisukuma nje. Ukikanyaga pedali, vikucha vinang'ata meno yaliyochongwa upande wa ndani wa pete, na gurudumu linakwenda. Ukiacha kukanyaga, vikucha vinainama na kuteleza juu ya meno hayo hayo, na hapo ndipo unaposikia ile tik-tik-tik inayomwambia mama wa omena kwamba kuna mtu anashuka nyuma yake. Kisha kuna duru mbili za gololi za milimita 3 hivi, zimepangwa tu, hazikufungwa na chochote, na juu yake kifuniko kimoja chenye vishimo viwili.

Kwa maneno mengine, ni afisa wa mpakani. Upande huu pita, upande ule hapana. Tena hana saa ya chai.

Sasa mwenye baiskeli anaamka Jumapili na moyo safi. Kwa muda mrefu friwili imekuwa ikikwaruza, naye ameamua kuitendea wema. Anachukua nyundo na msumari butu, anaweka msumari kwenye kishimo cha kifuniko na kugonga kuelekea kushoto, kama anavyofungua nati zote alizowahi kukutana nazo. Kifuniko kinakaza. Anagonga kwa nguvu zaidi, kinakaza zaidi. Hesi zake zimekatwa kinyume. Kinafunguka kwenda kulia. Hii ni sifa ya kwanza, uvumilivu: friwili itagongwa mpaka vishimo vipanuke na msumari ukose pa kushika, na haitamtolea mtu siri hiyo.

Sifa ya pili ni ukarimu. Kifuniko kikitoka, chuma hiki kilichobana mali yake miaka yote kinaitoa yote kwa mkupuo mmoja. Gololi zinamwagika uani, nyingine chini ya kuku, nyingine kwenye ufa wa saruji, nyingine ndani ya ndara. Springi inaruka na kutua inakojua yenyewe. Zilizopatikana zinaoshwa kwa petroli mpaka zinametameta, na vikucha vinapigwa msasa kidogo, kwa heshima ya mgeni. Kisha inakuja grisi, ile nzito ya malori, aliyoiomba kwa taniboi Malaba. Anaipaka kwa mapenzi. Anajaza kila tundu mpaka vikucha vinazama visionekane. Anafunga, anarudisha gurudumu, anapanda, anakanyaga.

Miguu inazunguka, cheni inazunguka, friwili inazunguka. Baiskeli imesimama.

Kilichotokea ni kwamba grisi imevigandisha vikucha vikiwa vimelala, na springi nyembamba vile haina ubavu wa kuviamsha. Afisa wetu sasa anaruhusu pande zote mbili. Hana swali, hana muhuri, hana kitu kidogo. Wale wanaopitisha mizigo kwenye njia za panya wangelia kwa furaha kumpata. Ila mwenye baiskeli, aliye juu ya kiti akikanyaga hewa, anagundua kwamba asipopatikana wa kumkatalia upande mmoja, hafiki upande wowote. Watu wa forodha wasinielewe vibaya, nazungumzia friwili.

Anayedhani nasifu kitu kisicho na ukoo aitazame chapa ya baiskeli kongwe. BSA zilizoletwa enzi za ukoloni zilikuwa na alama ya bunduki tatu zilizoegemeana. Haikuwa urembo. Kirefu chake ni Birmingham Small Arms, kampuni iliyoundwa na mafundi wa bunduki wa Birmingham mwaka 1861. Baadaye ikatengeneza baiskeli na vipuri vyake, friwili ikiwemo, na haikuacha bunduki: ilitengeneza Lee-Enfield, ile .303 iliyobebwa na askari wa King's African Rifles na ambayo, hata miaka mingi baada ya uhuru, iliendelea kuonekana mabegani mwa askari wa utawala.

Kiwanda kimoja, ugonjwa mmoja. Boliti ya bunduki ya namna hiyo nayo ina springi na msumari wa kufyatulia ndani yake. Askari mwenye bidii akiichomoa ili aisafishe, kisha mkia wake ukamzungukia mkononi, msumari unaangukia mfereji usio wake na boliti inakataa katakata kurudi ndani ya bunduki. Inabidi aishike mkia, aupindue kwa nguvu dhidi ya springi mpaka uketi mahali pake, na huku afande anamtazama. Hata ikirudi, kama ameijaza grisi nzito, msumari unatembea kwa uvivu na risasi inaweza kukataa kulipuka. Bunduki inayong'aa mbele ya gwaride na isiyoweza kumtisha hata njiwa: nani atakana kwamba huo ni mchango kwa amani ya ukanda huu? Ukivuka Busia ya Uganda si ajabu kumkuta mlinzi wa duka na bunduki begani. Huku kwetu mlinzi ana rungu. Rungu halina boliti, na sijasikia aliyeliharibu kwa kulisafisha.

Turudi kwa mgonjwa wetu, ambaye sasa anasukumwa kwenda kwa fundi chini ya mwembe.

"Fundi, hii kitu inazunguka bure."

"Nani aliifungua?"

"Ilikuwa inapiga kelele."

"Kelele ndiyo kazi yake, ndugu yangu. Uliiosha na nini?"

"Petroli. Halafu nikaweka grisi."

"Wapi?"

"Kila mahali."

Fundi hajibu. Anamwita mwenzake aje kuona.

Na hapa friwili inaonyesha sifa yake kubwa kuliko zote, nayo ni kuwapa watu kazi. Fundi ana sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio iliyokufa. Ukimletea mfuko wa vumbi la uani kwako ataipitisha humo, itoke imevaa manyoya ya chuma chakavu na gololi chache za kweli. Vikucha anavisugua kwa mafuta ya taa mpaka grisi yote itoke, kisha anavipa tone moja la mafuta ya cherehani, tone moja tu, na kuvibonyeza kwa kidole kuona kama vinaruka. Grisi haitupi. Anaipaka kwenye mfereji wa gololi peke yake, kwa sababu huko ndiko inakofaa: inazinata gololi zisianguke wakati anazipanga moja moja kwa ncha ya spoki kuukuu. Akifika mwisho wa duru anaacha nafasi ya gololi moja hivi. Mwanafunzi wake anayelazimisha ya mwisho iingie ataona friwili ikikwama, na ataambiwa aanze upya bila kupandishiwa sauti. Kuna pia zile washa nyembamba kama karatasi zilizokaa chini ya kifuniko. Mwenye baiskeli alizitupa pamoja na uchafu. Bila hizo kifuniko kinabana mno, kwa hiyo fundi anakata nyingine kutoka kopo la maziwa.

Wapo watakaosema haya yote ni kupoteza muda, friwili mpya ya kutoka India au China inauzwa dukani na bei yake si ya kuuza mbuzi. Hao hawajajaribu kuitoa ya zamani. Friwili imefungwa kwenye habu kwa hesi, na kila pedali inayokanyagwa inaikaza zaidi. Abiria mnene wa mwaka jana ameikaza. Gunia la mahindi la mwaka juzi limeikaza. Kadiri watu walivyotaabika juu yake ndivyo ilivyokalia kiti chake sawasawa, jambo ambalo wapiga kura wa ukanda huu hawahitaji kuelezwa. Kuna ufunguo wake maalumu wa kuing'oa, lakini pale panapopaswa kushikwa na ufunguo huo pameshalika, kwa hiyo inakuja patasi, kisha nyundo kubwa zaidi, kisha spoki nne zinakatika, kisha habu inapasuka, na aliyekwenda kununua friwili anarudi nyumbani na bili ya gurudumu zima.

Pikipiki zimechukua abiria, nakubali. Hata hivyo trei za mayai na magunia bado vinapita kwa baiskeli, na mwenye baiskeli hana plagi ya kulipia. Kwa hiyo napendekeza kwa kaunti, kwa unyenyekevu, friwili ijengewe mnara pale malori yanapopinda kuingia mpakani, iwe ya chuma halisi, na vikucha vyake vionekane barabarani. Pesa zitapatikana; zimewahi kupatikana kwa mambo ya ajabu zaidi. Ila zabuni ya kuusafisha mnara huo naomba isitangazwe.