Barua ya Wazi kwa Mkubwa wa Utalii

Ndugu Mkubwa,

YAH: PONGEZI KWA KUIFICHA KILWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kuuficha mji uliowahi kushika biashara ya dhahabu ya Sofala, ukagonga sarafu zake wenyewe na kula katika vyombo vya Kichina, si kazi ya mtu mmoja. Imehitaji wataalamu. Sarafu za Kilwa ziliokotwa hadi kwenye visiwa vya kaskazini mwa Australia mwaka 1944. Kipeperushi chako bado hakijafika Nangurukuru, kituo cha basi cha kwendea Kilwa.

Naandika kwa sababu niliuitikia wito wako wa utalii wa ndani. Nilipanda basi, nikashuka hapo Nangurukuru, nikatafuta usafiri hadi Kilwa Masoko. Kwenda Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya mji huo, kunataka kibali, na kibali kina ofisi.

“Umetumwa na nani?” mhudumu akaniuliza.

Nikamwambia nimejituma.

“Mwanafunzi?”

Hapana.

“Mtafiti?”

Hapana.

“Basi una ndugu kule.”

Nilipomweleza kwamba nimekuja kutazama tu, aliniangalia kwa huruma, kama mfiwa. Mwenye mhuri alikuwa ametoka kidogo. Aliporudi, mtandao ukawa unasumbua. Mtandao ulipotulia, ikawa saa ya chakula.

Msafiri Ibn Battuta, ambaye hakuwa na kitambulisho cha taifa, alifika Kilwa mwaka 1331. Hakuna aliyemzungusha: aliusifu mji kwa uzuri wake, na Sultani Hasan bin Suleiman kwa ukarimu wake. Tangazo hilo la bure linakufanyia kazi hadi leo, na marehemu hajawahi kudai posho.

Hatimaye nilivuka kwa mashua. Nikauona Msikiti Mkuu na kuba zake, na Gereza, ngome ambayo Wareno waliianza walipouteka mji mwaka 1505. Nikapanda hadi Husuni Kubwa, kasri lililokaa juu ya jabali likitazama bahari, lenye birika la pembe nane. Kijana aliyenitembeza aliujua kila ukuta na aliusimulia kwa ufasaha ambao ungestahili umati. Umati wenyewe ulikuwa mimi na mbuzi kadhaa. Mbuzi hawakuulizwa kibali.

UNESCO iliyaorodhesha magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kuwa urithi wa dunia mwaka 1981, ikayaweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na ikayaondoa humo mwaka 2014 baada ya ukarabati. Hatari ya kubomoka imepungua. Ile ya kukanyagwa na Watanzania haikuwahi kuwepo.

Nasikia meli za kitalii zikitia nanga, ngoma hulia na mhuri huwa mezani tangu alfajiri. Kumbe unajua kupokea wageni! Tatizo letu ni kuja kwa basi.

Basi naomba mambo matatu. Mhuri usiende kula. Nauli ya mashua na ada ya kiingilio ziandikwe kwenye ubao pale Nangurukuru, kwa Kiswahili. Na mhudumu aanze na “karibu”, hayo ya kutumwa yafuate baadaye. Kama ni mzigo mzito, futa wito wa utalii wa ndani, utugawie kalenda zenye picha za tembo. Tutatalii ukutani, bila kibali.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtalii wa Ndani