Mwili wa Land Rover, Roho ya Kipanya

Msonyo wa kwanza ulitoka kwa mzee wa kahawa, kikombe kikiwa hakijafika mdomoni.

"Land Rover gani tena, mjukuu wangu?"

"109, babu. Ile ndefu ya zamani. Bodi safi, haina hata chembe ya kutu. Na kunywa mafuta hainywi, wameitia dizeli."

"Dizeli ya nini?"

"3L. Ya Hiace."

Hapo ukafuata msonyo wa pili, mrefu kama foleni ya malori mpakani. Huo ulikuwa wa fundi, aliyekuwa amejilaza kwenye benchi akijifanya kasinzia.

Mgeni asikasirike akisonywa hapa kijiweni Nyarubungo. Upo msonyo wa dharau, upo wa huruma, na upo wa "vuta gogo ukae nikueleze". Wa mzee ulikuwa wa huruma. Wa fundi ulikuwa huo wa gogo, na dogo akalivuta.

Dogo mwenyewe tunamjua. Kapiga bodaboda miaka minne, kaenda machimboni, karudi na kibunda ambacho hataki kukihesabu mbele za watu. Anaona mbali: masika yakikolea, Noah na Probox zinaishia kwenye lami, na huko ndani mahindi, maharage na kahawa vinamngoja mwenye gari la kuogelea kwenye tope. Bei siitaji, maana yeye mwenyewe kila akiitaja imeshuka, dalili kwamba muuzaji ana haraka. Na muuzaji mwenye haraka, kijiwe kinasema, ama ana mgonjwa nyumbani, ama mgonjwa ni gari.

"Nyie mnaziita gari za kale," mzee akasema. "Sisi tulizihesabu zikiwa mpya."

Hapo ujue anakwenda 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili mwaka ule, kwa muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara wakikimbia mauaji ya Rwanda. Pale Benaco, mahali palipobaki na jina la kampuni ya Kiitaliano ya kujenga barabara, ukasimama mji wa maturubai uliozidi miji yote ya mkoa huu wa Kagera. Nyuma ya maturubai yakaja magari meupe yenye antena ndefu. Desemba 1996 Wanyarwanda wakarudishwa kwao. Warundi wa Lukole wakaendelea kuwapo mpaka kambi yao ilipofungwa 2008. Watu wakaondoka, spana zikabaki. Vijana waliofundishwa kuzikaza ndio mafundi wetu wa leo, akiwamo huyu wa kwenye benchi.

Fundi akaketi wima. "Dogo, kama hela ipo, tafuta Land Cruiser mkonga. Injini yake ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, imezaliwa nayo kiwandani."

"Hela ya mkonga sina, kaka."

"Basi sikiliza. Mimi hiyo 3L siisonyi. Nausonya mkono ulioiweka."

Maana kuitia dizeli siyo kosa. 109 nyingi zilikuja na petroli ya cc 2,286, na kiu yake kwenye vilima vya kwetu ni ya ng'ombe aliyetembezwa kutwa kwenda mnadani. Hata ndugu yake wa dizeli, cc zile zile, alikuwa na subira kuliko nguvu. Halafu mwaka 2017 serikali ikafuta ada ya mwaka ya leseni ya magari, ikaihamishia kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita. Tulishangilia wote. Aliyeshangilia zaidi ni mwenye gari lililolala uani juu ya matofali. Mwenye petroli inayokunywa aligundua taratibu kwamba sasa anailipa ada kila akipanda kilima.

Na hiyo 3L ni nani asiyeijua? Cc 2,779, silinda nne, haina turbo wala kompyuta. Ndiyo iliyobeba vipanya vya nchi hii. Nozeli zake hazikupeleki Dar es Salaam, na fundi wa pampu anaitambua kwa mlio kabla hajaona gari. Ukiharibikiwa porini, anayekuokoa ni injini inayojulikana, hata ingekuwa ya zamani namna gani.

"Sasa tatizo liko wapi?" dogo akauliza, uso umeanza kung'aa.

"Gari la kiwandani," fundi akasema, "limefikiriwa na watu wengi kwa miaka. Lililopandikizwa injini limefikiriwa na mtu mmoja, kwa siku alizokuwa nazo, na kwa hela aliyokuwa amebakiwa nayo mwenye gari. Ukilinunua, unamnunua na yule mtu. Unamjua?"

Dogo hamjui. Muuzaji kamwambia tu "fundi wa Kahama". Msonyo. Kahama nzima!

Fundi akaanza na breki. Injini ya petroli yenye kabureta huvuta hewa kwa nguvu, na busta ya breki inaishi kwa mvuto huo. Dizeli ya namna hii haina mvuto wa kutegemewa, ndiyo maana Toyota waliiwekea pampu ya vakyumu nyuma ya altaneta. Fundi wa njaa huokota altaneta yoyote aliyonayo, pampu ikabaki gereji. Gari linawaka, linatembea, linauzwa. Siku umebeba magunia unateremka bondeni, unakanyaga pedali, unakuta imekuwa jiwe.

"Kwa hiyo ukifika, injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara nne tano mpaka pedali iwe ngumu. Usitoe mguu. Washa. Pedali ikizama kidogo, busta inapumua. Ikibaki ngumu, shuka, aga vizuri, rudi nyumbani."

Akaja kwenye mafuta. Dizeli hupeleka mafuta mengi kuliko inayochoma, na yanayobaki lazima yarudi tangini. Tangi la petroli ya kabureta halikuwa na njia hiyo. "Fuata mpira wa kurudishia uone unaishia wapi. Mimi nimekuta umeingizwa kwenye mfuniko wa tangi na kufungwa kwa raba ya ndala." Akaja kwenye kuzima: petroli ukikata umeme plagi zinalala, dizeli haina plagi za kuichoma, hufa kwa kunyimwa mafuta. Kama muuzaji analizima kwa kutia gia na kuachia klachi, jua waya wa kuzimia hakuna, na siku likishika kasi lenyewe utalikimbia kama nyuki.

Kisha joto. Hapa akasimama kabisa. Saa ya joto kwenye dashibodi ni ya Mwingereza, kihisio kilichofungwa kwenye injini ni cha Mjapani, na hao wawili hawajawahi kusalimiana. Mshale unasimama katikati kwa adabu, wakati maji yanachemka. Rejeta nayo ni ile ya zamani, na feni inapuliza pembeni kwa sababu injini mpya imekaa chini kidogo. Ikichemka vibaya mara moja tu, silinda hedi imepinda au imepasuka, na faida yote ya dizeli umeirudisha.

"Na pale injini inapokutana na giaboksi, kuna sahani ya chuma imechongwa kuziunganisha. Ikipishana na kati kwa upana wa unywele, klachi na beringi zinaliwa kimya kimya. Kanyaga klachi, achia, kanyaga, sikiliza. Pakilia, hapo ndipo mkono wa yule fundi wako wa Kahama unapoongea."

Dogo akajitetea. "Lakini bodi, kaka. Haina kutu kabisa."

Mzee akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Land Rover ilipotoka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, wakaitengeneza bodi kwa alumini. Kuisifia kwamba haina kutu ni kumsifia samaki kwa kuogelea. Chesesi ndiyo chuma, nayo inaoza ikiwa imejifunika tope, huku bodi inameremeta. "Nenda na bisibisi," mzee akasema. "Ingia chini, choma choma. Ikizama, ulichokuwa unanunua ni rangi."

Tukadhani mambo yamekwisha. Ndipo mama lishe, ambaye muda wote alikuwa akigeuza chapati bila kututazama, akauliza:

"Na kadi inasemaje?"

Kimya. Dogo akatoa picha kwenye simu. Kadi inasema petroli. Inasema cc 2,286. Inataja namba ya injini ambayo, kwa tunavyojua maisha, huenda sasa imeyeyushwa ikawa sufuria.

Huu ulikuwa msonyo wa kijiwe kizima.

Sisi wa pembe hii ya Kagera hatuhitaji kufundishwa uzito wa karatasi. Operesheni Kimbunga ya 2013, ya kuwasaka wahamiaji haramu, ilipita huku, na wapo waliozaliwa hapa wakaulizwa babu yao alizikwa wapi. Sasa fikiria injini. Imezaliwa Japani, ikafanya kazi pengine popote, ikashushwa bandarini ikiwa mtumba, ikaingia ndani ya gari la Kiingereza lenye kadi ya mwingine. Trafiki akiinua boneti akalinganisha namba, utamjibu nini? Kwamba inaongea Kiswahili vizuri?

"Risiti ya ilikonunuliwa injini," mama lishe akahesabu kwa vidole vyenye unga. "Asipokuwa nayo, yaweza kuwa ya wizi, na atakayeulizwa ni mwenye gari, ambaye utakuwa wewe. Pili, akabadilishe kadi TRA likiwa bado kwa jina lake: namba ya injini, cc, aina ya mafuta. Ndipo mhamishe umiliki. Tatu, namba ya chesesi uisome kwa macho yako, usiisome kwenye kadi."

"Iko mbele, upande wa kulia," fundi akaongeza, safari hii kwa heshima, "pale springi inaposhikwa. Toa tope."

Tangu lini mama lishe anajua mambo haya? Akasema marehemu mumewe alinunua Fuso kwa kuaminiana. Hakuongeza neno, nasi hatukuuliza.

Wenzetu wanaokusanya magari haya Ulaya wana wazimu wa aina yao. Tangu Defender ya mwisho ilipotoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016, za zamani zimepanda hadhi, na namba ya injini ikifanana na ya kadi bei inapaa. Hata Arusha, Oktoba 2024, walizikusanya Land Rover wakafanya tamasha, tukaona picha tukatamani. Lakini kule namba zinafananishwa kwa ajili ya fahari. Huku gari la kale ni punda, halina siku ya maonyesho, na namba zifanane ili usilale kituoni na mahindi ya watu.

Muuzaji akaja jioni ile ile, kalileta mwenyewe mpaka kijiweni. Rangi ya kijani, tairi nne zinacheka. Akaruka chini akafungua boneti kwa madaha, tayari kuliwasha tulisikilize. Mzee hakusubiri. Akaweka kiganja juu ya injini, akakiondoa upesi.

"Lina moto hili. Liache hapa lilale, tutaliwasha alfajiri."

Dizeli iliyochoka huwaka vizuri ikiwa imepashwa. Ukweli wake huusema asubuhi, kukiwa na baridi. Muuzaji akakubali kwa shingo upande.

Alfajiri tulikuwa saba, na umande. Fundi akageuza ufunguo, akangoja taa ya hita izimike, akawasha. Ikashika mara moja. Moshi mweupe kidogo, ukaisha. Breki, pedali ikazama vizuri chini ya mguu. Chesesi, bisibisi ikadunda. Pampu ya vakyumu ipo. Yule fundi wa Kahama, popote alipo, tukamwombea heri. Dogo alikuwa anatetemeka, na baridi haikuwa kali kiasi hicho.

Akaingiza mkono mfukoni, akautoa mtupu. Akamgeukia muuzaji, na sauti ilikuwa ya mama lishe mtupu:

"Shikamoo, mzee wangu. Gari nimelipenda. Risiti ya injini unayo? Twende TRA wote wawili, ubadilishe kadi, hela nitakupa palepale."

Na safari hii aliyesonya ni muuzaji.